Ukuta wa Harusi ya Hiral

Shinyanga, Jumanne, 11 Novemba 1997

Leo nimetengeneza kitu ambacho sijui kinaitwaje, na kwa kuwa sina wa kumweleza akanielewa, naandika hapa.

Mimi Mbuke, binti Jilala, ni mpiga picha wa studio ya Mzee Harish. Kazi yangu ni picha za pasipoti, watoto wa kipaimara, na wachimbaji wa Geita wanaoshuka kwenye basi dhahabu wameshaiuza, wanataka kupigwa picha wamevaa miwani ya jua hata kama mawingu yamefunga. Tangu Julai studio ina kompyuta, skana na printa ya rangi. Aliyevileta kutoka Nairobi ni Kunal, mtoto wa kiume wa mzee, lakini hana subira navyo. Anayevijua ni dada yake mdogo, Hiral. Ndiye anayenifundisha mchana, studio inapopoa.

Leo niliingiza picha mbili nilizopiga mwenyewe: udongo uliopasuka wa bwawa lililokauka, na mgongo wa jani la muhogo. Hiral akanionyesha namna ya kulaza moja juu ya nyingine, kama khanga mbili mwilini, ya juu ukaifanya nyepesi mpaka ya chini ionekane. Kila moja anaiita tabaka. Nikageuza rangi, nikakata, nikapindua, nikaunga. Udongo ukaacha kuwa udongo na jani likaacha kuwa jani.

"Hiki ni nini?" Hiral akauliza.

"Sijui."

"Basi umeweza," akasema, akacheka kwa furaha kama aliyeshinda yeye.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Tangu alfajiri. Redio inasema itakuwa nyingi mwaka huu.

Jumamosi, 22 Novemba

Sasa nikitembea siangalii njia, naangalia vitu. Ganda la mti lililoliwa na mchwa. Pamba iliyoloa. Povu la mtaro baada ya mvua. Vyote navipiga, nasafisha picha, nazilaza kwenye skana. Nina picha kumi na kitu za viraka, ndivyo ninavyoziita hizi za tabaka juu ya tabaka, kila moja ina dunia yake. Hiral anaziweka kwenye disketi ili zisipotee, anasema siku moja zitatundikwa ukutani watu wavae viatu vizuri kuja kuziona.

Kunal alipita nyuma yetu, akasimama kidogo. "Michezo ya watoto," akasema. Lakini alisimama.

Hiral ananihadithia mambo yake tukiwa kazini. Kuna kijana wa Mwanza, Rushabh. Mzee Harish hamtaki, eti kwao ni wauza mafuta ya taa dukani. Mama yake Hiral hayupo, alifariki zamani, bibi yao Maniben ndiye aliyewalea. "Anayesikilizwa na Baba ni Kunal peke yake," anasema. Namhurumia. Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hii, wa kukaa naye bega kwa bega tukitazama kitu kimoja.

Jumanne, 2 Desemba

Kunal kaenda Mwanza. Studio imetulia. Mvua.

Jumatano, 17 Desemba

Naandika leo leo, kabla sijalala.

Asubuhi nilikwenda kununua chumvi. Nyuma ya muuzaji kuna kalenda mpya, ya mwaka ujao, ya mfanyabiashara mmoja wa pamba wa Mwanza. Januari: udongo wangu na jani langu. Nilidhani nimefananisha. Nikamwomba aishushe, nikafungua. Februari, lile ganda la mchwa. Machi, povu. Aprili, pamba iliyoloa. Zangu zote, mpaka Desemba. Na chini ya kila ukurasa, kwa herufi nzuri zilizolala: *Ubunifu: Kunal H.*

Nilirudi studio chumvi nimeiacha huko huko. Kunal alikuwa anakunywa chai.

"Zile picha ni zangu," nikamwambia.

Hata hakuuliza zipi. "Kompyuta ya nani?"

"Yenu."

"Karatasi?"

"Zenu."

"Na mchana ule ulikuwa shambani kwa baba yako, au ulikuwa kazini kwetu? Sasa chako ni kipi hapo?"

"Macho," nikasema.

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Macho sikuyachukua. Si unayo hapo?"

Nilimwendea Mzee Harish. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza. Akashusha pumzi. "Mbuke, ni kalenda tu. Mwaka ukiisha watu wanafungia karanga."

Sikulia mbele yao. Nililia njiani, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha hakuna aliyejua. Kisha nikaacha kulia, nikaanza kufikiri. Huyu mtu nitamlipa. Sijui lini wala kwa namna gani, ila nitamlipa kitu atakachokibeba mbele za watu, kama alivyonibebesha mimi.

Ijumaa, 19 Desemba

Kalenda nimeiona posta. Nimeiona kwa kinyozi. Nimeiona kwenye mgahawa, kuna mtu kaifunika nusu kwa koti lake na nikatamani kumbusu.

Jumatatu, 29 Desemba

Sikukuu nimeila Kolandoto, hospitalini, namuuguza mama malaria. Anaendelea vizuri. Juu ya kitanda chake, kwenye msumari, udongo wangu. Muuguzi mmoja, Esta, alinikuta naitazama.

"Nzuri, eh?" akasema. "Wagonjwa wanaipenda. Kuna mzee alisema anaona mbuga za kwao. Hawa Wahindi wana akili."

Nikamjibu wana akili sana.

Mama alinitazama. Yeye anajua uso wangu tangu sijaota meno. "Mwanangu, una nini kifuani?"

"Mafua, mayu."

"Mafua hayakazi taya," akasema, akageukia ukuta akalala.

Alhamisi, 8 Januari 1998

Studio nzima inanukia pipi za samli. Mzee Harish amekubali! Hiral ataolewa na Rushabh wake, katikati ya mwezi ujao, ukumbi wa jumuiya yao. Hiral alinikumbatia mpaka kamera ikaniumiza mbavu. Nilimfurahia. Sina ugomvi naye.

Baadaye akaja na ombi. Nyuma ya kiti cha bibi harusi anataka ukuta mzima wa picha ya viraka, tuichape karatasi moja moja, tuzigandishe kwenye mbao. "Maua ambayo hayapo duniani," akasema. "Nifanyie wewe, Mbuke."

Kunal akadakia kutoka mezani kwake: "Tutasema studio ndiyo iliyotengeneza." Studio, yaani yeye.

Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti tamu mpaka Kunal akanitazama mara mbili.

Jumatano, 14 Januari

Jana kaka yangu Makoye alifika studio miguu imejaa tope hadi magotini. "Baba anakuita. Mto umechukua ng'ombe." Nikaondoka naye, kamera begani kwa mazoea tu.

Mto ulitoka kwake, ukaingia bomani. Ng'ombe walionusurika wamesimama kwenye kichuguu, wanatetemeka. Wengine hatuwaoni kabisa. Lunde, ng'ombe jike wa baba, tulimkuta amenasa kwenye miiba, amelala ubavu kwenye matope, tumbo limevimba, inzi wamemtanda. Alikuwa na rangi ya wingu la mvua, na ndiyo maana ya jina lake kwa Kisukuma. Maziwa yake yalinisomesha mimi mpaka darasa la saba, na ndama wake wakamwoza Makoye.

Baba alisimama mbele yake amevua kofia. "Mwangaluka, Lunde," akamwambia, kama alivyomsalimu kila asubuhi. Kisha akakaa kwenye tope lile lile, mzee mzima, akafunika uso.

Sijui kwa nini nilipiga picha. Labda kwa sababu mikono haikujua kazi nyingine. Nilipiga mbavu zilipoanza kuchomoza. Nilipiga ngozi iliyovutika, manyoya yakilala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo. Kwato. Jicho. Makoye akanikaripia: "Unapiga nini wewe? Huoni aibu?" Nikaendelea.

Jumatatu, 19 Januari

Nimesafisha filamu. Nilipoona mbavu za Lunde zikichomoza kwenye karatasi, pole pole, nyeupe na zimepinda, nilijua hapo hapo ni petali.

Na nikajua Kunal nitamlipa nini.

Kwao ng'ombe haliwi, haguswi kwa ubaya, ni mtakatifu. Bibi Maniben huwa anatoka kila asubuhi na chapati ya kwanza, anampa ng'ombe yeyote anayepita barabarani, anamgusa, anajigusa kipaji cha uso. Basi Kunal atasimama ukumbini mbele ya jamaa zake wa Mwanza, wa Nairobi, wa Kahama, ataonyesha ukuta kwa mkono, aseme hii kazi yangu. Nitamwacha aseme. Wapigwe picha wote mbele yake, mmoja mmoja. Kisha nitawaambia ni nini.

Jumamosi, 24 Januari

Siwezi.

Bibi Maniben leo aliniletea chai yeye mwenyewe, amesikia habari za ng'ombe wetu. Akanishika mkono. "Pole sana, Mbuke. Baba yako pole. Iko kama kufiwa." Ndiye mtu wa kwanza mjini kusema hivyo. Wengine wote wameniuliza nyama tuliipeleka wapi.

Na Hiral amenikosea nini? Nimeanza ukuta mwingine, wa maua ya kweli.

Jumanne, 27 Januari

Nimerudi kwa Lunde, na sasa siachi.

Kunal alinikuta naanza upya, akafoka kwamba napoteza wino. Nami nikashindwa kujizuia. "Wino unakuuma," nikasema, "kuiba hakukuumi."

"Nani kaiba?" Akainuka. "Muulize Hiral! Disketi alinipa yeye, mkononi, hapa hapa. Alitaka nimsemee kwa Baba habari za huyo Rushabh. Nikamwambia utanipa nini? Akanipa hizo. Mimi nimechukua nilichopewa."

Nilitegemea kuona uongo usoni mwake. Haukuwepo. Alikuwa amekasirika kama mtu anayesingiziwa.

Kwa hiyo siku ile ananikumbatia, alikuwa anamkumbatia aliyemuuza. Bega kwa bega, tabaka juu ya tabaka, *basi umeweza, Mbuke*. Alikuwa ananifundisha kulima shamba la mahari yake.

Sikumwendea. Sitamuuliza. Mtu ukimuuliza anajitetea, akijitetea unamwelewa, na mimi sitaki kumwelewa. Ukumbi mzima sina haja nao tena. Nitamwambia yeye peke yake, sikioni, amekaa kitini, hina mpaka viwikoni, watu wote wakimtazama na hana pa kukimbilia.

Jumanne, 3 Februari

Ninafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mbavu nimezizungusha zikawa ua kubwa lenye moyo wa dhahabu. Dhahabu hiyo ni maji ya tope yaliyopigwa na jua. Ngozi nimeigawa vipande, nikavipindua kila kimoja kikatazamana na mwenzake, ikawa bustani. Inzi nimewapaka rangi ya waridi. Kwa mbali ni mbegu zinazopeperuka. Jicho nimeliweka pembeni, chini, nimelifunika tabaka nyingi mpaka limekuwa tone la umande.

Hiral alisimama nyuma yangu akasema, "Mungu wangu, Mbuke." Nikamwambia asante.

Jumatatu, 9 Februari

Hakuna umeme. Mvua. Karatasi zinajikunja kwa unyevu, nazikandamiza kwa Biblia ya mama na matofali.

Jumapili, 15 Februari

Naandika kila kitu.

Tulisimamisha mbao asubuhi. Mvua ilikatika, jua likaingia kwa madirisha ya ukumbi, likapiga ukuta. Hata wapishi walitoka jikoni kutazama. Rushabh ni kijana mwembamba, masikio makubwa, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu na anaogopa mwenyewe atatokea.

Kunal alifanya vile vile nilivyojua. Aliwashika wageni mkono akiwaleta ukutani. "Kompyuta," nilimsikia. "Wazo langu lote hili." Mfanyabiashara wa pamba mwenyewe alikuwepo, akampiga mgongo. Mimi nikapiga picha: Kunal na ukuta, Kunal na mfanyabiashara, Kunal mkono kwenye jicho la Lunde. Nilipiga kwa raha ambayo sijawahi kuipata kanisani.

Kisha Bibi Maniben akaja, anakokota miguu. Alitazama muda mrefu. Akanyoosha vidole akagusa ua kubwa, akajigusa kipaji. "Iko nzuri, Mbuke," akasema. Kwangu, si kwa Kunal. "Kama hekalu."

Hapo raha iliniingia mchanga. Lakini sikurudi nyuma.

Hiral alikuwa kitini, sari nyekundu, kichwa kimeinama. Nikasogea kumrekebishia mtandio, kama wapiga picha wafanyavyo. Nikainama sikioni.

"Unajua umekaa mbele ya nini?" nikamwambia. "Hilo ua nyuma ya kichwa chako ni mbavu. Za ng'ombe aliyekufa maji. Ameoza, ana inzi."

Hakushtuka. Hakugeuka hata kidogo.

"Lunde," akasema.

Mikono yangu ikasimama kwenye mtandio.

"Ndivyo ulivyoiita kwenye kompyuta. Nilitaka kujua umefanyaje, nikaondoa tabaka moja moja. Mpaka chini kabisa. Nikamkuta amelala kwenye tope."

"Lini?"

"Juma lililopita."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nilitoa vyako nikampata wangu. Nilijua utanipiga mahali." Alikuwa anaongea bila kuinua uso, midomo haisogei sana, watu wakidhani namsifia vito. "Mwanzo nilitapika, Mbuke, kweli. Nikasema nitamwambia Baba auvunje. Kisha nikarudi nikamtazama tena. Bibi amenifundisha tangu mdogo kwamba ng'ombe ni mama. Na mimi wangu hayupo. Leo nyuma ya kiti hiki alitakiwa asimame yeye." Akalaza viganja vyake magotini. "Nikasema, basi huyu akae."

Machozi yakamdondoka kwenye hina. Shangazi mmoja akaona, akasema bibi harusi analilia kwao, na wanawake wote wakaanza kulia naye, kama desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Nikainua kamera nikampiga picha, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Jumanne, 17 Februari

Ameondoka na Rushabh kwenda Mwanza. Sikwenda kuaga.

Nina hasira kuliko Desemba. Picha zangu alizichukua. Nikasema sawa, nami nitamchukulia siku yake. Siku ile akaifungua mikono akanipa mwenyewe, akakaa, akapigwa, na pigo langu akaligeuza mama. Nimebaki na nini? Hata kisasi changu kapita nacho.

Na amemlilia Lunde. Mtu pekee mbali na baba yangu aliyemlilia Lunde ni yule niliyemtumia Lunde kumuumiza. Sijui hilo niliweke wapi.

Ijumaa, 20 Februari

Mbao za ukuta zimetupwa uani. Mvua imezichuruza usiku kucha. Uani pote pana rangi ya waridi, kuku wanaikanyaga.

Jumanne, 3 Machi

Jana Kunal alirudi kutoka Mwanza anaimba. Mfanyabiashara wa pamba anataka kalenda ya mwaka ujao, na anataka ule ukuta uwe juu ya jalada. Akaniambia nimtayarishie, nimwekee na nyingine zote pamoja. Chini yake, akasema, "jina liwe kubwa kidogo safari hii."

"Jina lipi?" nikamuuliza.

"Usianze, Mbuke."

Sikuanza. Mchana huu, studio imepoa, nilikaa kwenye kompyuta. Nilifuta ganda la mchwa. Nilifuta povu, pamba, udongo na jani. Nilitoa disketi zote kwenye droo ya Kunal nikazifuta moja moja. Nilipofika kwa Lunde nilifungua kwanza. Niliondoa mbegu, nikaondoa bustani, nikaondoa dhahabu na ua, mpaka akabaki mwenyewe kwenye tope lake, rangi ya wingu. Nilimsalimu. Kisha nikamfuta naye. Hata mimi sikujibakizia kitu. Kama siwezi kuwa navyo na jina langu, basi kusiwe na chochote cha kuandikwa jina juu yake.

Nikafunga begi. Bernadina, niliyesoma naye, ana chumba Nyahanga, pale Kahama, na wachimbaji wa huko nao wanapenda kupigwa picha. Kamera ni yangu, niliinunua mwenyewe.

Nilikuwa nafunga viatu nikamsikia Kunal ndani, kwanza anabonyeza, kisha anabonyeza kwa nguvu, kisha anaita. Aliyetoka ni Mzee Harish. Alisimama mlangoni, akatazama begi, akatazama uso wangu. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akaitikia. "Kunal anasema picha zote hazipo. Zile zote. Unajua zimekwenda wapi?"

"Mvua hii, Mzee," nikamwambia. "Imechukua vya watu wengi."

Aliendelea kunitazama. Kisha akasogea pembeni, akaniachia njia.